Ngazi ya Lothar

Tramu ya Leipzig ilikuwa karibu kuondoka pale mzee mgeni alipoingia na ngazi ya mbao begani, mkono wa kushoto umefungwa plasta. Abiria mmoja, Swantje, aliinamisha kichwa kuikwepa, kisha akasogea ili mzee akae. Mkewe alifuata akihema.

"Lothar, turudi! Henrik yuko New Zealand. Mwanao ataonaje kutoka huko?"

"Nilimwahidi, mama. Nikianguka tena, ngazi naitoa."

"Ulianguka kidogo tu."

"Nimevunja mkono na kabichi nne za jirani."

"Jirani kasamehe! Na cheri zimeiva. Nani atazichuma, ndege?"

Swantje alijitia kusoma kitabu.

Mke wa mzee alitoa bahasha. "Barua ya kumpelekea Henrik nimeshaandika. Habari zote zimo: binamu yake kaachika, mbwa kang'olewa jino, na wewe una mafua."

"Mafua ya mkono?"

Kicheko kilimtoka Swantje. Mama alimtazama mpaka kikakauka, halafu akamgeukia mumewe kwa sauti ya chini. "Ngazi hiyo aliitengeneza baba yako, Lothar."

Mzee alikuwa akiipapasa ngazi kama mtu anayemtuliza farasi.

Tramu iliposimama, fundi rangi aliyeahidiwa ngazi alikuwa kituoni akingoja. Lothar alimkabidhi ngazi, lakini kiganja chake kilikawia kuiachia, na fundi, kwa adabu, hakuivuta. Hatimaye mzee akaiachia.

"Na cheri je?" mama aliuliza.

"Fungua barua," Lothar akasema. "Andika nilianguka."