Inveta ya Nne

Kwenye benchi la Usumani muuza kahawa, pale Kabeza, ujuzi ulipimwa kwa ukubwa wa sauti. Damascène alilijua hilo, na bado alikwenda, maana mfa maji hukamata maji. Kwake Masaka mayai mia mbili yalikuwa kwenye mashine ya kutotolea, vifaranga watoke kesho, na umeme wa jua ulioipasha joto ulikuwa ukipanda na kushuka siku ya tatu sasa. Mkewe Kamikazi hakubanduka kando ya mashine.

— Ni mawingu, alisema Gatera, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu.

— Tangu Jumatatu hakuna wingu, sha, alijibu Damascène kirafiki.

— Basi ni ndege. Ikishuka uwanjani Kanombe inavuta umeme ya Masaka. Dalili ya mvua ni mawingu.

Damascène aliona aibu kwa niaba yake.

Valens, fundi aliyefunga mitambo hiyo na kujiita Injinia, alifuta midomo.

— Nyinyi hamujui kitu. Inveta, ile mashine inageuza umeme ya jua iwe ya nyumbani, ilikuwa moja. Taa hafifu, nikaongeza ya pili. Bado hafifu, nikaongeza ya tatu. Taa ikaanza kucheza. Kesho naleta ya nne. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na hizo zinafanya nini? aliuliza Damascène.

— Kila moja nimeiseti iwe na haraka. Ikiona umeme iko chini, inapandisha. Ikiona iko juu, inashusha.

— Zote tatu, kwa pamoja?

Aliyeuliza alikuwa Akimana, mwalimu wa kwaya ya parokia, aliyesimama akingoja kahawa.

— Zote, mama.

— Kwaya yangu ikiyumba hivyo, kila mtu anamrekebisha mwenzake, mimi nanyamazisha mmoja mmoja. Nyinyi mumejaribu kuzima moja?

Profesa alivua miwani. Damascène akampigia simu Kamikazi, amwambie azime ile ya tatu. Akasubiri kwenye simu.

— Imetulia, Kamikazi alisema. Na nasikia kifaranga analia ndani ya yai.

— Hata mimi nilikuwa nafika huko, alisema Valens.

— Siku tatu nakuuliza, Damascène alimwambia kwa hasira. Siku tatu, na swichi iko ukutani.

Valens alinyoosha kikombe chake. Usumani akampita, akamimina kahawa yote iliyobaki katika kikombe cha Akimana.