Pepo Hachanganyi Zege

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe, ndugu zangu! Haya, mlioitika nawashukuru, na nyie wa nyuma mlionyamaza najua mnangoja kusikia leo nitasema nini. Mtasikia.

Kwa wageni, mie naitwa Felista, mama Upendo. Nakaa hapa hapa Kibamba, na kazi yangu ni kupikia madereva na wapakuaji wa mizigo kule Kurasini. Mnajua utaratibu wetu, anayekuja kushuhudia anaanza na pambio. Leo siimbi. Anayetuanzishiaga mapambio ni ndugu Elibariki, mwalimu wetu wa kwaya, yule pale mbele mwenye shati la bluu, na habari niliyokuja nayo inamhusu yeye. Mzee wa kanisa ameniomba nishuhudie bila kutaja jina la mtumishi. Shikamoo, mzee. Nimeshalitaja.

Namshukuru na mchungaji. Asubuhi nilimpigia magoti ili watoto wa shule ya Jumapili wasiende kwenye darasa lao jipya, wabaki humu ndani na sisi. Amekubali hata kabla sijamweleza yote. Ndiyo maana leo kuna kelele, mtavumilia kidogo.

Ndugu zangu, mama yangu mnamjua, yule bibi anayeletwa na bajaji. Nilimchukua kutoka Masasi miguu yake ilipoisha nguvu. Huyu ni mama aliyenisomesha kwa kuokota korosho kwenye mashamba ya watu. Kufika kwangu, choo kiko uani. Mama yangu akawa anatambaa kwenda chooni. Anatambaa! Mvua inanyesha, mtu mzima na heshima zake anatambaa kwenye tope, akirudi ananiambia, "Usijali mwanangu, tope ni udongo tu." Nilikuwa naingia jikoni nalia, nafuta machozi, natoka.

Nikamwambia Bwana, nipe nguvu nimjengee mama chumba, na choo kiwe humo humo ndani. Basi nikapika. Nilipika wali na maharage mpaka mikono ikawa inanuka vitunguu hata nikiwa nimekaa kwenye benchi hilo Jumapili. Baba Upendo Bwana alishamchukua, kwa hiyo ni mimi na sufuria zangu tu. Bwana akanipa.

Sasa watu wengine wakitaka fundi wanafanyaje? Wanauliza amejenga wapi, wanakwenda kuangalia, wanagonga ukuta, wanamuuliza mwenye nyumba. Sisi wapendwa hatufanyi hivyo. Sisi tunauliza, ameokoka? Ameokoka. Anaomba? Anaomba mpaka shati linalowa. Basi, mpe kazi! Elibariki alipokuja kwangu hata futi ya kupimia hakutoa. Alipiga magoti palepale msingi unapopita, akainua mikono, akamwombea mama, akalia. Na mie nikalia. Nikasema moyoni, nimepata fundi wa mbinguni.

Nikanunua saruji. Nikanunua nondo, na nilizishika kwa mikono hii zikishushwa uani kwangu. Nikamkabidhi kila kitu, nikaenda zangu Kurasini. Natoka alfajiri, narudi giza limeingia, nani amwangalie? Na hata ningekuwepo nisingemwangalia. Kumsimamia mpendwa si ni kumdhania vibaya? Ndivyo tunavyofundishana humu.

Chumba kikaisha. Kilipendeza jamani, tusiseme uongo. Lipu laini, rangi ya maziwa, vigae chooni. Mchungaji akaja na mafuta, nyumba ikawekwa wakfu, kwaya ikaimba, tukala pilau. Mama alikuwa anafungua koki anafunga, anafungua anafunga, anacheka peke yake. Sijawahi kumwona mama akicheka vile tangu nizaliwe.

Ndipo mlango ukaanza kugoma. Unausukuma, haufunguki. Nikamwita Elibariki. Akaja na randa, akaukwangua pembeni, maranda yakajaa mlangoni, ukafunguka. Akaniambia mbao zimevimba kwa unyevu. Ndugu zangu, hayo maranda muyakumbuke, nitayarudia.

Baadaye ukaja ufa. Umeanzia kwenye kona ya mlango, unapanda juu kwa mshazari kuelekea darini. Akaja akaujaza wolputi, ule unga wa kuzibia ukuta, akapaka rangi. Ukarudi. Akapaka tena. Ukarudi mpana, kidole kinaingia. Nilipomwita tena hakuja na kopo la rangi wala mwiko. Alikuja na kikundi cha maombi! Akausimamia ule ukuta, akatikisa kichwa, akaniambia, "Dada Felista, hili si suala la kifundi tena. Nyumba hii inapigwa vita."

Na mie nikaamini. Tukafunga. Tukauzunguka ule ukuta tukikemea roho ya nyufa. Mlikuwepo, wengine hapa mlikuwepo, msiangalie chini! Tulipaka ufa mafuta ya upako, ukuta ukayanywa, ufa ukabaki palepale. Nilikemea mpaka sauti ikakauka, nikawa nakwenda Kurasini nauliza wateja kwa vidole nani anataka samaki na nani anataka nyama. Na aliyekuwa anatuongoza kukemea, mwenye sauti kuliko wote, ni yule yule aliyeujenga ukuta.

Angeishia hapo ningesema ni ujinga. Hakuishia hapo. Alinivuta pembeni, akanionyeshea kwa kidevu upande wa jirani yangu, Bi Zuhura. Akauliza ule udi wa kila Alhamisi jioni unafukiziwa nini. Ndugu zangu, Bi Zuhura ni mwenyeji wa mji huu, wazazi wake na babu zake ni wa hapa hapa pwani, na udi anaufukiza kwa sababu mama yake alikuwa anaufukiza. Ni yeye anayemnywesha mama uji mie nikiwa Kurasini. Dada zetu humu wakaacha kumsalimia. Wanapita mlangoni kwake wanageuza shingo. Mama aliposikia alikasirika sijapata kuona. Akaniambia, "Zuhura ananifulia nguo zangu. Huyo fundi wako ananifulia nini?"

Sasa nisikilizeni vizuri.

Jumanne hii iliyopita nilikuwa Kurasini, nje ya uzio wa yadi ya makontena, maharage yako jikoni. Simu ikaita. Ni Bi Zuhura. Neno lake la kwanza, "Mama Upendo, mama mzima. Nakwambia kwanza mama mzima, ndo nikwambie mengine." Mwiko ukanidondoka.

Alikuwa ameleta uji kama kawaida. Mlango ukagoma. Mama yuko ndani kitandani, na kitanda kiko karibu na mlango. Bi Zuhura akausukuma kwa bega mpaka ukaachia. Alivyonisimulia mwenyewe, "Mie nikasikia mchanga unanidondokea kichwani. Natazama juu, naona ule ufa umeachama. Nikasema wee, hapa hapana usalama. Nikautupa uji, nikambeba shoga yangu mgongoni. Kanipiga makofi huyo, anasema anataka ndala zake!" Alimtoa. Mwanamke mwenye wajukuu, magoti yake nayo mabovu, alimbeba mama yangu mpaka kwenye mkeka wake. Hawajakaa sawa, ukuta ukashuka. Lenta, ile zege ndefu inayolala juu ya mlango na kushika ukuta wote wa juu, ilishuka na matofali yake na bati zake ikalala kitandani.

Nilipofika mama alikuwa kwenye mkeka, nywele nyeupe kwa vumbi, bado anaulizia ndala. Nikaingia uani. Ndugu zangu, lenta ilikuwa imelala juu ya mto wake. Juu ya mto! Nilimshukuru Mungu palepale kwa sauti, majirani wakadhani nimepata wazimu. Mungu wangu alimtuma Bi Zuhura, na uji wake, na bega lake, na udi wake mkitaka! Haleluya!

Nikainama niondoe kipande cha ile zege. Kikasagika mkononi kama visheti. Nikashika kingine, kikasagika. Mnaijua habari ya mtu yule aliyejenga juu ya mchanga. Elibariki amempita. Yeye amejenga kwa mchanga wenyewe, saruji ameinusisha tu! Na katikati ya zege, pale panapokaa nondo, nikakuta hii.

Hii hapa. Iangalieni, nimekuja nayo. Ni fito. Fito ya kujengea banda la kuku! Nondo zangu nilizozishika kwa mikono yangu hazimo. Zilikokwenda anajua aliyezitoa. Juu ya kichwa cha mama yangu, na mafuta tukapaka, na pilau tukala, kulikuwa na fito.

Jioni ile ile Elibariki akaja na baadhi ya wazee. Akasimama kwenye kifusi, akainua mikono, akasema, "Tumshukuru Bwana, adui amepiga, ameshindwa." Akataka tushikane mikono tuombe. Nilikasirika. Sitatafuta neno la kiroho hapa, nilikasirika mpaka meno yakagongana, na hata sasa nikisimama hapa bado nimekasirika. Na hapo ndipo Bwana aliponifungua. Ile hofu ya pepo, ya vita, ya nani ananiroga, niliyolala nayo na kuamka nayo tangu ufa uanze, ilinitoka kama mtu anayevua koti. Nikamwonyesha hii fito. Nikamwambia, pepo hachanganyi zege, Elibariki. Pepo haendi kukata fito porini. Pepo hana mwiko!

Akaniambia nisimguse mtumishi wa Bwana.

Tangu siku ile nyumbani kwangu hapapoi. Asubuhi mpendwa huyu, jioni mpendwa yule. Samehe, mama Upendo. Usiuvunje mwili wa Kristo, mama Upendo. Mama si mzima? Basi yaishe. Ndugu zangu, nimesamehe. Mbele za Mungu nimemwachilia, na nikimwona simwombei mabaya. Lakini msamaha wangu hauwezi kuingia kwenye zege ukageuka nondo. Mama amerudi kulala sebuleni kwangu, choo ni kile cha uani, na safari hii hatambai kwa sababu Bi Zuhura na mimi tunambeba.

Ningeweza kuishia hapo nikashukuru, nikaketi. Mzee wa kanisa ananionyesha saa, naona. Lakini nani amejenga darasa jipya la watoto wetu?

Amejenga Elibariki, kwa sadaka zetu.

Jumapili iliyopita mwalimu wa watoto alisimama hapa akashuhudia kwamba mlango wa darasa uliokuwa unagoma sasa unafunguka. Mkapiga makofi. Mie nilipita pale baada ya ibada, nikakuta mlangoni pamejaa maranda. Mnayakumbuka maranda? Nikasimama. Nikatazama juu. Kwenye kona ya mlango kuna wolputi mbichi, mstari mweupe unapanda kwa mshazari kuelekea darini. Nilikuwa bado sijui ninachokijua leo, kwamba mlango hugoma lenta ikiulalia, nikaenda zangu nyumbani. Lenta ya kwangu ilishuka Jumanne. Sasa mmejua kwa nini nilimpigia magoti mchungaji asubuhi hii, na kwa nini Upendo wangu amekaa pale na watoto wenu anapiga kelele.

Namshukuru Mungu aliyemtoa mama yangu chini ya ukuta. Namshukuru kwa kunitoa kwenye uongo. Namshukuru Bi Zuhura, yuko nje hapo kivulini kwenye tenki la maji, amemsindikiza mama. Mkitoka msalimieni, na mgeuze shingo kuelekea kwake safari hii. Na wewe mpendwa, ambaye nyumbani kwako kuna kitu kinapasuka na umeambiwa uombe tu usiulize, mtumaini Mungu wangu. Hasinzii. Omba kwa nguvu zako zote, ukimaliza kuomba inuka ukaangalie ndani ya ukuta. Yeye haogopi tuangalie.

Sasa namaliza. Mchungaji, naomba sadaka ingoje kidogo. Wazazi, kila mmoja amshike mtoto wake mkono. Tunatoka pamoja, tunasimama mbali, na lile darasa tunalifungua juu ya mlango tuone. Nyundo nimekuja nayo, iko kwenye mkoba wangu hapa. Kama ndani ya ile lenta mna nondo, mie Felista nitapiga magoti kwenye vumbi mbele ya kanisa zima, nimwombe Elibariki radhi, na kila Jumapili nitakaa benchi la nyuma mpaka nife.

Elibariki, ndugu yangu katika Bwana, nyundo hii hapa. Wewe ndiye uliyejenga, wewe ndiye utakayegonga wa kwanza. Simama, twende.

Mbona husimami?