Ndoto Iliyotoka Mchana

Mbele ya banda la kinyozi kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya, na anayekalia upande huo lazima akae kwa adabu. Wenye benchi ni wanne. Kinyozi mwenyewe, akiwa hana kichwa cha kunyoa. Gundi, fundi viatu, anayeshona pembeni hapo na kuropoka bila kituo. Nesi, mama mstaafu wa wodini, anayekuja kunywa kahawa kwa kisingizio cha kunyoosha magoti. Na Masafa, dereva wa lori la safari ndefu, ambaye alikuwa hajaonekana tangu habari zifike kwamba lori lake limeingia mtaroni. Asubuhi hiyo alitokea, uso umevimba kwa usingizi, akakaa katikati yao kama mgeni. Alihisi wanamkwepa kwa macho. Kahawa ikamiminwa, kila mtu akapuliza kikombe chake. Gundi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Tunasikia ulilala kwenye usukani.

— Sikulala, — alisema Masafa. — Ndiyo shida yenyewe. Safari juu ya safari, bosi anapiga simu, mimi nameza vidonge vya kukesha. Macho makavu, yako wazi. Jua la utosi. Nikamwona baba.

Kikombe cha Kinyozi kiligoma njiani. Baba yake Masafa, dobi wa mtaa ule, alikuwa amezikwa zamani.

— Baba yako yupi?

— Nina wangapi? Yuko katikati ya lami na meza yake, anapiga pasi suruali. Amenipa mgongo. Anainua pasi ya mkaa, anapuliza, majivu yanaruka. Nikakanyaga breki, nikavuta usukani, lori likaenda mtaroni. Nikashuka mbio, nasema shikamoo baba.

— Akaitikia? — aliuliza Gundi, sindano iko hewani.

— Nilimkuta mtu wa mkokoteni. Amekaa chini anatetemeka, magodoro yake yametapakaa barabara nzima. Ananiambia, ahsante kaka, nilijua nimekwisha. — Masafa alishusha sauti. — Jamani, mimi mkokoteni sikuuona. Mtu sikumwona, wala godoro. Nilimfungia breki baba.

Masafa aliweka kikombe chini ya benchi.

— Ulikuwa unaota, mwanangu, — Nesi alisema taratibu.

— Macho wazi, mama?

— Macho wazi. Sikiliza. Usingizi si shimo moja unalotumbukia. Una ngazi. Unaanza kwa wepesi, mtu akikohoa unashtuka. Unashuka, unafika chini kabisa, hapo hata ukiitwa hujui. Halafu unapanda tena, na huko juu ndiko kwenye ndoto nyingi. Macho yanakimbia chini ya kope, mwili umefungwa usije ukainuka ukazitenda. Unazunguka hivyo mpaka kunakucha, na kadiri kunavyokaribia kukucha, ndoto zinarefuka. Wewe asubuhi zako zote umezimezea vidonge. Ndoto zikikosa usiku, zinaweza kukufuata mchana.

— Mke wangu aliniambia hayo ya macho, — Masafa alisema. — Waliponirudisha nyumbani, nililala siku nzima na usiku wake. Anasema nilikuwa sijamaliza hata kuvuta shuka, macho yakaanza kukimbia. Ndoto zilikuja kwa foleni, mama. Hii haijaisha, nyingine inaingia na viatu.

— Viporo hivyo! — Gundi alipiga kiatu. — Umeviacha, vinangoja.

— Sivyo, — Kinyozi akadakia. — Ndoto ni ufagio. Kutwa nzima mambo yanaangukia kichwani kama nywele sakafuni. Usipofagia jioni, kesho mteja anatelezea nywele za jana.

— Basi mimi nina jingine, — Gundi alisema, akisogea mpaka benchi likalalamika. — Ndoto isiyo na pa kulala inahamia kwa jirani. Wiki ile Masafa yuko njiani, niliota narudisha lori kinyumenyume. Mimi! Hata baiskeli inaniangusha.

Walicheka, hata Masafa, mara ya kwanza tangu siku ile. Gundi hakucheka.

— Mnacheka. Nani alituambia kwamba sasa tuko macho? Labda sasa hivi kuna mtu amelala mahali, anatuota sisi na hiki kibenchi.

— Asigeuke upande basi, — Kinyozi alisema, — sijamaliza kahawa.

Masafa alimgeukia Nesi.

— Mama, sema kweli. Nani alimwokoa yule mtu?

Nesi alikizungusha kikombe chake.

— Nadhani macho yako yaliuona mkokoteni. Kichwa kilichokuwa kinaota kikauvisha sura ya mtu ambaye huwezi kumgonga. Nadhani tu. Nimekaa na watu wanaolala maisha yangu yote ya kazi, na kila nilipowatazama nilijiuliza wameenda wapi.

Simu ya Masafa ikalia. Alijua ni nani. Alisimama, akasikiliza, wote wakaisikia sauti ya bosi ikichomoza kwenye sikio lake: lori limetengenezwa, mzigo upo, aondoke leo hii.

— Kesho, bosi, — alisema. — Nikishalala nikaamka mwenyewe... Hapana, vidonge basi... Haya, mpe dereva mwingine. Ila kwanza muulize mara ya mwisho amelala lini.

Alikata simu. Kinyozi alimwongezea kahawa, halafu akakumbuka usingizi wake, akaimwaga na kumpa maji. Gundi akaanza kupiga makofi na kelele za ushindi.

— Jamani, samahani, — sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa mpangaji mpya wa chumba cha uani, dada ambaye hata jina walikuwa hawajamuuliza. Alishikilia kichanga kifuani.

— Naomba mpunguze sauti, ndiyo kwanza amelala.

Waliomba radhi wote kwa pamoja, kwa kunong'ona. Dada yule alikuwa ameshageuka kuondoka, akasita.

— Nimewasikia mnaongea mambo ya ndoto. Hebu mtazameni.

Waliinuka, wakakizunguka kichanga. Chini ya kope nyembamba macho yalikuwa yanakimbia huku na huku. Midomo ilinyonya hewa. Paji la uso likakunjamana kama la mtu aliyepewa habari nzito, likakunjuka, kikatabasamu.

— Hajatimiza mwezi, — mama yake alisema. — Hajatoka nje ya chumba. Hajui mtu yeyote, uso wangu wenyewe ndio kwanza anaanza kuuzoea. Sasa anaota nini?

Kinyozi alimtazama Gundi. Wakamgeukia Nesi, aliyepokea watoto wasio na idadi, naye akanong'ona kwamba hilo amejiuliza kwa kila mtoto aliyempokea. Masafa aliinama karibu zaidi, akabana pumzi asije akakiamsha.