Chumba cha Dada Yangu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipatia hii nafasi. Wengi mnanijua. Mimi ndiye nachoma nyama pale Kikopey, na wengine wenu mmekula kwangu mkasema, huyu ni mtu mzuri. Ngojeni nimalize.

Wazazi wetu walituachia nyumba hapa Nakuru, mimi na dada yangu. Kwa hati kuna majina yetu wawili. Mimi na mke wangu tulikuwa tunaishi ndani, dada alikuwa Naivasha kwa shamba la maua, analala kwa nyumba za kampuni. Chumba chake kilikaa tu. Nikajiambia, si kinakaa bure? Nikakipangisha. Mke wangu akaniuliza, "Umemwambia dada yako?" Nikamjibu hayo ni mambo ya watoto wa hii boma. Akasema, "Haya, lakini utakuja kujuta."

Mpangaji alikuwa msichana fundi wa nguo, mpole, ndio anaanza maisha. Alikuja na cherehani yake. Hatukuandikiana kitu, tulipatana kwa mdomo tu. Na nawaambia ukweli, hakunikosea hata siku moja.

Basi kandarasi ya dada ikaisha. Akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Bro, Jumamosi nakuja nyumbani. Nipangusie chumba vumbi."

Hapo, ndugu zangu, ningesema tu kuna mtu mle ndani. Nikasema, "Karibu, chumba kinakungoja."

Ijumaa fundi alienda sokoni kutafuta vitambaa. Nikafungua kwake na ufunguo wa akiba, nikatoa kila kitu mpaka kwa veranda, nikaweka kufuli mpya mlangoni. Kulikuwa na gauni ya harusi, nyeupe, nikaitupa juu ya cherehani. Mvua ikaanza. Mnajua mvua yetu, upepo unaipeleka mpaka ukutani.

Aliporudi hakupiga kelele. Alishika ile gauni, matope yanatiririka.

"Mzee, nimekukosea nini?"

"Hakuna. Nataka chumba changu."

"Si ungeniambia. Hii ni ya mtu anaolewa kesho."

Nikamwambia aondoke kabla sijamwitia vijana wamtoe. Hayo maneno nilisema mimi, na mdomo huu.

Dada akafika Jumamosi. Aliona vipande vya uzi chini ya kitanda akauliza ni vya nani. Nikamwambia mke wangu alikuwa anashona. Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Aliniangalia, akaenda jikoni.

Jumatatu chifu akaniita. Dada, bila kujua ni kesi gani, akasema twende pamoja, asije kaka yake akasingiziwa akiwa peke yake. Tulimkuta fundi amekaa na mama mmoja wakili, wale wanaosaidia watu bila malipo. Huyo mama hakunigombeza. Aliniambia polepole, kama mtu anaelezea mtoto njia: "Hata kama mlipatana kwa mdomo, huyu ni mpangaji. Ukitaka atoke unampa notisi, mwezi mzima. Akikataa, unaenda kortini, na ni korti itasema. Kumfungia nje hauruhusiwi. Hata kuingia kwake bila kumwambia hauruhusiwi." Halafu akauliza, "Na mwenye nyumba mwenzako alikubali upangishe?"

Dada akageuka. "Apangishe chumba gani?"

Wote wakaniangalia mimi.

"Ni changu?"

Nikaangalia viatu vyangu. Nilingoja anitukane, ingekuwa afadhali. Dada aliinuka, akaenda kukaa kando ya yule msichana, akamshika mkono. "Pole sana. Sikujua nimelala mahali pako."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilivunjika. Mtu niliyemdanganya ndiye alikuwa anaomba msamaha. Chifu akaniuliza nasema nini. Nikasema arudi leo, nimpe notisi yake ya mwezi mzima, na dada achukue chumba chetu cha kulala, mimi nitalala chini sitting room. Cherehani niliirudisha mwenyewe. Na mke wangu, ambaye alinionya, alilala pale chini pamoja na mimi mpaka notisi ikaisha. Hiyo mpaka leo inaniuma.

Fundi alipata mahali pengine karibu na soko, dada akamsaidia kuhama. Dada yuko kwa chumba chake sasa. Tunakula pamoja, tunaongea. Lakini siku hizi ananiita kwa jina, haniiti bro.

Yule bibi harusi nilimtafuta pia. Aliolewa amevaa gauni ya kuazima, inambana. Aliniambia, "Nimekusamehe, mzee. Lakini picha zangu zitabaki hivyo."

Namshukuru chifu, na yule mama wakili. Namshukuru fundi, kwa sababu angenipeleka kortini na hakunipeleka. Mke wangu, uko hapo nyuma, nisamehe mbele ya hawa watu. Na nyinyi mnaopangisha vyumba kwa nyumba mnayoishi na wengine, ulizeni wenzenu kwanza. Andikianeni. Bisha mlango, hata kama nyumba ni yako. Nafikiri sheria iliwekwa kwa sababu ya watu kama mimi.

Na kama kuna mtu hapa amefungia mpangaji wake nje wiki hii, usingoje chai ya baada ya huu mkutano. Enda umfungulie.