Bei ya Blanketi la Viraka

Asubuhi hiyo benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limegeuka wizara. Mama Viraka, fundi cherehani, alitaka kufungua duka la mablanketi anayoyashona kwa vipande vya vitambaa. Akiba yake yote ilikuwa imefungwa kwenye pindo la nguo, chumba cha jirani kilikuwa wazi, na mwenye nyumba alitaka kodi kabla ya adhuhuri. Akaja na hofu yake kwenye kahawa ya asubuhi kuomba ushauri. Washauri wake walikuwa wawili: kinyozi, aliyeitwa Waziri wa Fedha kwa kuwa hajawahi kulipia kahawa, na Injinia, seremala ambaye meza zake zote zinayumba.

— Dada yangu, toa kodi, toa nyuzi, toa umeme. Kinachobaki ni faida, alisema Waziri.

— Kinabaki nini?

— Hiyo sasa ni siri ya wizara.

— Shemeji, achana naye, Injinia akadakia. Nusu ya chumba mpangishe muuza viatu. Kodi atalipa yeye, wewe unakaa bure.

— Na viatu vikinuka?

— Unampandishia kodi!

— Mawazo ya kitoto hayo! Waziri akamkatiza. Mwaka huu duka, mwakani kiwanda, mwaka wa tatu tunashonea meli nzima. Mabaharia wote wanalala kwenye viraka!

— Meli italipa lini?

— Ikirudi.

Mama Viraka akacheka bila kupenda. Aliwapenda hawa watu, ila fundo la akiba bado alilishika kwa mikono miwili.

— Unaogopa nini? Waziri akauliza. Mtaa huu nani hana blanketi lako? Mimi ninalo, Injinia analo!

Dada mmoja mjamzito, mgeni pale mtaani, alikuwa akipita, akasimama.

— Shikamooni. Na mimi nalitaka la mtoto. Nyie mlinunua bei gani?

Waziri akachungulia kikombe, kikavu. Blanketi lake lilikuja kama zawadi mapacha wake walipozaliwa, la Injinia alipolazwa hospitali. Hakuna aliyewahi kuuliza bei, na Mama Viraka hakuwahi kuitaja. Akaona uchungu, kisha akaona aibu, maana hata yeye hakuijua.

— Kaa, mwanangu, akasema. Mwenye nyumba nitamwomba mpaka kesho. Leo tunapanga bei, na tunaanza na hawa wawili.

Waziri akainuka polepole, akaenda kulipia kahawa.