Ubao wa Mtaa wa Kofia Nyekundu

— Kofia iliyo tayari vichwani mwa watu, huwa inagunduliwaje?

Yosr, mwanafunzi, aliwauliza wanywaji kahawa pale kijiweni. Ubao mpya ulikuwa umeegemezwa mlangoni mwa duka la marehemu babu yake, katika mtaa wa mafundi wa kofia nyekundu, Tunis: "Mtaa huu uligunduliwa na wasafiri wa Ulaya." Ridha, mchoraji wa mabango, alikubali kuufuta na kuandika mstari mwingine, mradi aambiwe kabla birika la kahawa halijakauka, kwani adhuhuri ubao unapigiliwa misumari. Zamani benchi hili lilijaa mafundi, wengine wakinywa wima. Sasa wanaokaa hapo ni wawili tu: Ami Beshir, aliyebandikwa jina la Bey, cheo cha watawala wa zamani wa Tunis, kwa maringo yake, na Mongi, aitwaye Nahodha ingawa maisha yake yote aliuza tiketi za treni.

— Andika dunia ilianza babu zangu walipofukuzwa Andalusia, kule Uhispania, Bey akasema. Walikuja na mbegu za mbigili ndani ya vilemba. Bila miiba ya mbigili, sufu ungeichambua kwa kitu gani? Kwa meno?

— Kwa hayo yako mawili? Nahodha akamkata. Ridha, andika soko! Kofia zetu zilifika Istanbul, zikafika Kairo, zikavuka jangwa hadi Timbuktu. Jeshi la Sultani lilisimama kwa sababu yetu. Bila kofia ni mafua, na mwenye mafua hapigani.

— Na Wareno? Ridha akachochea.

— Wale? Nahodha akadakia. Waliomba kupunguziwa bei hapa hapa, babu yangu akagoma. Kwa hasira wakaizunguka Afrika nzima!

Wakaangua kicheko. Yosr naye alicheka. Babu yake angekuwepo, angeongeza chumvi yake. Alikuwa akimpakata na kumwonyesha kofia moja: sufu ya Uhispania, maji ya chemchemi za mlima Zaghouan, kichwa cha mtu wa Timbuktu. Kofia hii, alisema, imetembea kuliko Nahodha.

— Mnacheka, Yosr akafoka, na mimi darasani naambiwa tulikuwa tumelala! Wao wakisafiri, wagunduzi. Sisi tukisafiri, wachuuzi. Nani alimkuta nani kwake?

— Haya, wakili, kunywa kwanza, Bey akamtuliza. Birika linaelekea mwisho.

Hapo akatokea Lella Zakia, yaani Bibi Zakia, mama mtu mzima kutoka Ariana, mji wa jirani, na kapu la kofia mbichi: nyeupe, zimelegea, kubwa kama mifuko ya unga, bado hazijapigwa kwa maji zikanywea na kutiwa rangi nyekundu. Alikuwa amesikia kelele zao tangu kona ya msikiti.

— Salaam, wanangu. Timbuktu mmeshafika, hongereni. Hizo mlizozipeleka, alizifuma nani?

Bey na Nahodha walijua bandari zote, walijua masultani. Mfumaji hata mmoja wa zama hizo hawakumjua kwa jina. Hata Yosr, pamoja na ulimi wake wote.

Ridha akainamisha birika. Yakatoka machicha matupu ya kahawa.

— Mstari wangu, jamani?

— Ami, sogea, Yosr akamwambia Bey.

Bey akasogea. Yosr akamkalisha Lella Zakia katikati ya benchi, pale alipokuwa akikaa babu yake, akampokea kapu na kulipakata.

— Lella, nitajie jina la aliyekufundisha kufuma, Ridha aliandike.