Wimbo wa Pacifique Uko Ndani

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaume wa hapa Base Camp, kambini kwetu wakimbizi, wakishakalia kitu wanadhani walizaliwa nacho. Mbao zake nilizileta kutoka Mbarara juu ya lori la matoke, na kahawa inayonywewa hapo ni yangu mimi, Olga. Mbele yake kuna stoo ya kanisa, na ng'ambo ya barabara kuna shamba la mtama la Anselme, limejaa makopo na takataka za kung'aa alizoning'iniza kuogopesha ndege. Wiki ile hawakuja kunywa. Walikuja kugombana juu ya mashine ya kanisa, na mimi mwenyewe nilikuwa na hasira kuliko wote.

Ile kompyuta ilikuwa na pande mbili. Upande wa Windows, Buruhan alionyesha watu filamu, maana jenereta ni yake. Upande wa Ubuntu, kwaya iliweka nyimbo. Ukiiwasha, kwanza inakuuliza unataka upande gani. Sasa Buruhan akaipeleka Ruti, kule Mbarara, kutolewa virusi, fundi akaweka Windows upya, na iliporudi haikuuliza kitu tena. Inaingia Windows moja kwa moja, upande wa kwaya haupo. Na huko ndiko ulikokuwa wimbo wa Pacifique, mtoto wa Viviane. Kabla ya kupanda ndege kwenda Amerika alipiga kinanda, akamwimbia dada yake Yvette, uchezwe siku atakapoolewa. Harusi ilikuwa keshokutwa.

— Wewe ndiye umeua, Sinema, Anselme alimwambia Buruhan. Anselme tunamwita Komite, hakuna kamati asiyokalia. Akaendelea: ile mashine na vyote vilikuya nayo mu kartoni, kanisa ilinipa mimi nichunge. Nilikupa muzima. Umerudisha maiti.

— Maiti gani, sebo? Mimi nawasha, inawaka. Jana filamu imeonyesha vizuri sana.

— Filamu ya mateke.

— Na kwaya yako ikirekodi, jenereta inakunywa petroli ya nani?

Kabera aliweka kikombe chini. Huyu anachaji simu za watu kwa sola, kwa hiyo ni Betri, na kwa hiyo anajiona injinia.

— Mimi najua. Ule fundi alikata nusu. Alifungua, akatoa nusu ya kwaya, akaitia mu mashine ya mutu mwingine. Saa hii kuna mutu Mbarara anasikiliza Pacifique bure.

— Hapana, Betri. Mimi nimebeba kwa boda kwenda, nimebeba kurudi. Uzito ni ule ule.

— Nyimbo ziko na uzito?

— Wewe ndiye umesema nusu.

Viviane alikuwa mwisho wa benchi. Kahawa yake ilishapoa.

— Nyabo, piga simu kwa kijana, atume ingine, Buruhan alimwambia.

— Nilimupigia. Kinanda hana. Iko anatumika mu kiwanda ya kuku, usiku mpaka asubuhi, kisha analala. Aliniambia, mama, nilifanya moja tu, iko mu mashine. Munafikiri natafuta wimbo? Natafuta batoto bangu babili bakuwe pamoja fasi moja ile siku.

Mtu mwenye adabu angenyamaza hapo. Betri hakunyamaza.

— Ni wivu. Windows haipendi kuikala nyumba moja na mwingine. Ilipata nafasi, ikamufukuza.

— Si wivu, alisema Komite. Ni ile mateke. Usiku na mchana banapigana mule ndani, nyimbo za Mungu zitaikala namna gani? Zimekimbia. Zimekuwa wakimbizi kama siye.

— Basi zimeenda Amerika, alisema Betri. Zimemufuata mwenyewe.

— Bila intavyuu? nikamuuliza. Sisi tunaoza hapa tukingoja jina liitwe, wimbo ndio umepita tu? Kunywa kahawa yako, Betri, na ufunge kinywa.

Komite alisimama, akamnyooshea Buruhan kidole hadi karibu na pua, akaapa kwamba kitu cha kanisa hakitashikwa tena na mtu asiyejua kutunza. Akaokota jiwe, akalitupa ng'ambo kwenye ndege wa mtama wake, akakaa.

Hapo ndipo Kaudha akatokea, binti wa dada yake Buruhan, anayesoma mambo ya kompyuta Mbarara. Alikuwa amekuja kumsalimia mjomba, akaingizwa stooni, kwenye mashine, moja kwa moja. Alirudi akipangusa vumbi mikononi.

— Haijafutika, alisema. Wimbo uko ndani, mama. Fundi akiweka Windows upya, inaondoa ile sehemu ya kuchagua tu. Mimi naweza kurudisha leo leo.

Viviane alimshika mkono, akaung'ang'ania.

— Lakini lazima niiwashe na CD ya Ubuntu, Kaudha akaendelea. Flashi hii mashine haikubali, ni ya zamani. Na mimi Mbarara narudi Jumatatu. Ile CD iliyokuja nayo, huwa kwenye bahasha ya rangi ya machungwa, iko wapi?

Betri alimtazama Buruhan. Buruhan alimtazama Komite. Komite alitazama ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu.

Upepo ulipita mtamani, kitu kikatumulika machoni, kikageuka, kikatumulika tena.

Viviane alisimama. Alivuka barabara, akaingia kati ya mtama, akarudi na ile CD, kamba ingali imefungwa kwenye tundu lake. Aliipangusa kwa kitenge, mbele na nyuma, akampa Kaudha. Kaudha aliiinua juani. Mvua na jua vilikuwa vimebandua ule ung'avu wake; kupitia pale palipobanduka tuliona kilima cha ng'ambo.

— Hii haisomi, mama. Dukani hazipo siku hizi; Jumatatu nitatafuta ingine chuoni.

— Jumatatu Yvette ameshaenda kwa mume, kule Ngarama, alisema Viviane. Akaketi.

Nilimngoja Komite aseme kitu. Mtu aliyepiga kelele wiki nzima angekosa neno moja? Alikohoa, akaninyooshea kikombe chake, pole pole, bila kuniangalia.

Kahawa ilikuwemo, nusu ya chupa. Nikamwambia imekwisha.